Mshipi wa Mama Darajani

Mtu aliyevua kofia pale darajani alikuwa Kipkemboi.

Ndiyo, msomaji, yule yule. Kipkemboi mdogo wake Jerop, aliyebebwa mgongoni na dada yake tangu hajaota meno, ndiye aliyekuwa kiongozi wa vijana wenye marungu waliofunga njia ya Rongai. Juma zima mmenilaani kwa kuwakatia hadithi pale. Niliikata pale kwa sababu hata Jerop mwenyewe pumzi zilimkatikia pale pale.

Aliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza asitoke kapa. Huu ni mwaka wa hamsini na saba, mwezi wa Machi. Serikali ya Mzungu imekubali, baada ya kusukumwa sana, kwamba Mwafrika naye amchague Mwafrika mwenzake aende kukaa kwenye Baraza la Kutunga Sheria. Si kila Mwafrika, la hasha. Ni mwenye shule, mwenye mshahara, mwenye ng'ombe wa kuonekana. Mwalimu Kosgei, mumewe Jerop, amepewa kura tatu kwa ajili ya vyeti vyake. Jerop hakupewa hata nusu. Demokrasia yenyewe ilipimwa kwa kijiko cha chai, na wengi hawakuonjeshwa.

Mwalimu anagombea kiti hicho, na alama yake ni jembe. Anayeshindana naye ni Mzee Kipketer, chifu mstaafu, alama yake ng'ombe. Rongai karibu yote ni ya Mwalimu, maana ni mtu ambaye mbuzi wa mama yake mzazi walipoingia shamba la shule, alimtoza mama yake faini, kisha akamsindikiza nyumbani. Watu walimcheka, halafu wakasema huyu ndiye wa kutumwa Nairobi.

Lakini bado ni Hali ya Hatari. Bwana Disii, mkuu wa wilaya, ametangaza kwamba damu ya siasa ikimwagika Rongai, basi Rongai haitapiga kura. Tangazo hilo liliwatia watu wengi hofu. Mzee Kipketer lilimfurahisha, maana bila kura za Rongai kiti ni chake.

Na Jumamosi hii ya mkutano wa Mwalimu, Mama Bhagwanti, mwenye duka la pale kituoni, alimvuta Jerop nyuma ya magunia ya mahindi akamnong'oneza. Watu wa Kipketer wamenunua mipini yote ya majembe dukani kwake. Yote. Na hawakununua jembe hata moja.

Jerop hakungoja kufikiri mara mbili. Aliteremka mbio kwenda darajani na mimba yake, akitaka kumwahi mumewe kabla hajavuka kurudi nyumbani. Akamkuta mdogo wake amesimama njiani na rungu.

Sasa twende.

"Rudi nyumbani, dada," Kipkemboi alisema.

"Nyumbani kwa nani? Kwa yule unayemngojea na rungu?"

"Simngoji shemeji. Nawangoja watu wake. Wanakuja kutupiga."

"Nani amekwambia?"

"Mzee Kipketer mwenyewe, leo asubuhi, mbele ya hawa wote. Amesema watu wa jembe wakitoka mkutanoni watavuka daraja waje wachome nyumba zetu. Amesema tuwazuie hapa hapa."

"Na yeye yuko wapi?"

Kipkemboi alikuna sikio. "Amesema ana mgeni."

"Ana mgeni," Jerop alirudia. "Nyinyi mko hapa juani na marungu, yeye ana mgeni. Kipkemboi, watu wa Mwalimu hubeba nini wakienda mkutanoni?"

"Mimi nitajuaje?"

"Unajua. Wanabeba viti vyao vya kukalia. Amewakataza hata fimbo ya kuchungia. Lakini leo watakuja watu wamebeba mipini ya majembe, na mipini hiyo imenunuliwa na Kipketer. Mama Bhagwanti ameniambia."

"Hayo ni maneno ya Mhindi."

"Mama Bhagwanti ndiye aliyeleta blanketi tulilomfunika mama siku ya kumzika. Siku hiyo hukumwita Mhindi."

Kipkemboi aliangalia chini. Kijana mmoja nyuma yake, Kiplangat, mwenye kifua kipana na akili nyembamba, akasema huyo mwanamke anawachelewesha, atolewe njiani. Kipkemboi alimgeukia akamtazama mpaka Kiplangat akapata kazi ya kufunga kamba ya kiatu.

Hapo ndipo wimbo ulipoanza.

Ulitoka ng'ambo ya mto Molo, kule barabara inakotokea kwenye mkonge. Ulikuwa wimbo wa jembe, ule ule unaoimbwa kwenye mikutano ya Mwalimu, ila siku hiyo uliimbwa vibaya, kwa nguvu nyingi na maneno nusu nusu. Kisha wakaonekana. Kundi kubwa la wanaume, mipini juu, kila mmoja na kitambaa chenye picha ya jembe kifuani. Mbele yao Mwalimu Kosgei alikuwa anasukuma baiskeli, anageuka nyuma kila mara na kuinua mkono kama anayewakanya wanafunzi wenye kelele.

"Si niliambiwa?" Kipkemboi akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Si hao na mipini, dada? Wanatujia."

"Kipkemboi, sikiliza..."

"Kaa kando."

Vijana walijipanga. Jerop aliona marungu yakishuka kutoka mabegani na kukaa mikononi. Alijua kwamba wakivuka tu, damu itamwagika, na damu ikimwagika hakuna kura, na pengine hakuna mume. Aliogopa. Lakini mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Ilifungua leso, ikaingia chini ya nguo, ikafungua kilichokuwa kimefungwa tumboni.

Ulikuwa mshipi wa mama yao. Leketiet, wa ngozi laini, umeshonwa simbi nyeupe mstari kwa mstari. Mama yao aliuvaa alipobeba mimba ya Jerop, akauvaa tena alipobeba ya Kipkemboi, na kabla ya kufa alimwachia binti yake ili naye aufunge siku ikifika. Jerop aliushika kwa mikono miwili, akainama kwa taabu, akaulaza chini, kutoka upande huu wa njia hadi upande ule, pale daraja linapoanzia.

Vijana wote walisimama.

Kwa mgeni nitaeleza. Huko kwetu mwanamume akiona mshipi wa mama umelazwa njiani, hauruki. Hata kama ana hasira ya kuua, hata kama aliyemwibia ng'ombe amesimama upande wa pili anamcheka, hauruki. Ni kama kulikanyaga tumbo lililomzaa. Watu wameacha vita vizima kwa sababu ya ngozi hiyo. Kiplangat, ambaye mguu wake ulikuwa tayari hewani, aliurudisha nyuma taratibu akaangalia kama kuna aliyemwona.

"Dada," Kipkemboi alisema, "umefanya nini?"

"Wewe unaona nimefanya nini."

Jerop alisimama wima, akashusha pumzi. Aliamini amemaliza. Amewazuia vijana, damu haitamwagika, mumewe atapita aende nyumbani akale. Aliamini hivyo mpaka Mwalimu Kosgei alipofika mwisho wa daraja na baiskeli yake, akatazama chini, akasimama.

Lo. Hapo ndipo Jerop alipogundua kosa lake, na ni kosa ambalo mtu wa mbali asingeweza kulifanya. Mshipi ukifunga njia, unaifungia pande zote mbili. Na huu haukuwa mshipi wa mama yeyote. Kwa Kosgei, ulikuwa wa mama mkwe, mwanamke ambaye katika uhai wake wote Kosgei hakupata kumtazama usoni wala kula mbele yake.

"Jerop," alisema kwa sauti ya chini, "huo ni wa mama?"

"Ni wake. Ruka, bwana."

"Siwezi."

"Ruka, nakuomba. Yeye mwenyewe angekuambia uruke."

"Angeniambia, na bado nisingeruka." Mwalimu alitazama nyuma, na Jerop akaona shati lake limelowa jasho mgongoni. "Hawa si watu wangu. Wameniingilia nyuma mkutano ulipokwisha. Wazee wangu wameachwa mbali na viti vyao. Nimewaambia hawa watupe mipini, ndiyo kwanza wanaimba."

Wenye mipini walikuwa wameingia darajani. Mbao za daraja zilitetemeka chini ya miguu yao. Mwalimu alikuwa katikati, mshipi mbele, mipini nyuma, na mkewe alikuwa amemfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Kuuinua mshipi lilikuwa jambo la sekunde. Lakini akiuinua, Mwalimu atavuka, na vijana wa Kipkemboi nao watakuwa huru kuvuka. Jerop aliona hayo yote mara moja akatamani kulia.

"Kipkemboi," alisema. "Wasalimie wale."

"Nini?"

"Wasalimie kwa lugha yetu. Ikiwa ni watu wa Rongai watakuitikia."

Kipkemboi alisita, kisha akapaza sauti. "Chamgei!"

Hakuna aliyeitikia. Wa mbele walitazamana. Mmoja akapiga kelele, "Jembe juu!" na wenzake wakaitikia hiyo. Kipkemboi aliwasalimia tena, na tena hakupata jibu. Walikuwa watu waliookotwa huku na kule, wakavishwa vitambaa, wakafundishwa wimbo mmoja.

Uso wa Kipkemboi ulikunjamana. "Hawa si wa hapa."

"Ndivyo nilivyokuambia."

"Kwa hiyo sisi tuliletwa upande huu, na wao wakaletwa upande ule."

"Mpigane, damu imwagike, Disii afute kura, mzee wako abaki na kiti peke yake. Njoo, mwana wa mama. Weka rungu chini, shika ncha ile ya mshipi, nami nishike hii. Tuuinue pamoja, Mwalimu apite, tuulaze tena nyuma yake. Mtu aliyeushika hapigani, na vijana wako wakikuona umeushika hawatavuka."

Kipkemboi alipiga hatua. Aliinama akashika ncha ya mshipi kwa mkono wa kushoto. Rungu lilibaki katika mkono wa kulia.

"Weka chini," Jerop alisema.

"Nikiliweka, na wale je? Wataweka yao?"

Lilikuwa swali la haki, wala sitamlaumu kwa kuliuliza. Lakini lilichukua muda, na muda ndio hawakuwa nao. Kiongozi wa wale wageni, mtu mrefu aliyevaa buti za jeshi, alimsukuma Mwalimu kwa bega akapita.

"Mnacheza mchezo gani hapa?" aliuliza, akakanyaga mshipi.

Aliukanyaga katikati, kwa kisigino. Simbi zikavunjika. Sauti yake ilikuwa ndogo tu, lakini kila mtu wa upande wa Kipkemboi aliisikia.

Kipkemboi aliiachia ncha ya mshipi. Alisimama, na rungu likasimama pamoja naye, likapanda juu ya kichwa chake mpaka Jerop akajua hakuna wa kulizuia tena.

Aliyejaribu ni Mwalimu Kosgei. Mwanamume huyu, ambaye dakika moja kabla alikataa kuuruka mshipi ili kuokoa maisha yake, sasa aliuruka. Aliutupa mwili wake mbele ya yule mwenye buti, mikono wazi, akisema, "Hapana, shemeji, hicho ndicho wanacho..."

Hakumaliza. Rungu lilimshukia yeye.

Alianguka juu ya mshipi. Damu ilitoka juu ya sikio, ikaingia kati ya simbi, ikashuka kwenye mbao.

Yule mwenye buti aliitazama damu, akapiga mluzi mmoja. Wenzake wote walitupa mipini pale pale wakakimbia, wakaingia mkonge, wakapotea. Walikuwa wameajiriwa kwa kazi hiyo tu, na kazi ilikuwa imekwisha. Daraja likabaki limejaa mipini ya majembe.

Jerop alikuwa amepiga magoti. Aliweka sikio kifuani kwa mumewe, akasikia moyo. Alipoinua kichwa alimwona Kipkemboi amesimama vile vile na rungu lenye damu, uso umekufa. Na nyuma yake, kutoka kwenye mikalitusi, alisikia injini.

Landrova ya polisi ilikuwa imefichwa pale tangu saa nyingi. Hakuna polisi anayefika haraka namna hiyo akitoka Nakuru.

Enzi hizo, msomaji, mtu aliweza kunyongwa kwa risasi moja kukutwa mfukoni. Aliyempasua kichwa mgombea wa Baraza angetegemea nini? Jerop hakujiuliza sana. Alinyoosha mkono, akamnyang'anya ndugu yake rungu, akalishika yeye.

"Usifungue mdomo," alimwambia. "Mama anakusikia. Usifungue."

Inspekta wa Kizungu alishuka kwanza, kijana mwekundu wa jua. Aliyeshuka nyuma yake, akijikung'uta vumbi kwenye koti, alikuwa Mzee Kipketer. Kumbe mgeni wake ndiye huyu.

Inspekta aliangalia mipini, akaangalia damu. "Nani napiga hii mwalimu?"

"Mimi," Jerop alisema.

"Wewe?"

"Mimi, bwana. Ni mume wangu. Kutwa anatembea na mikutano, mimi nabaki na ng'ombe na mimba. Nimekuja kumrudisha nyumbani, akanijibu vibaya, nikampiga."

Kipkemboi alisogea. Jerop alimtazama mara moja tu, naye akatulia.

"Hii si mambo ya siasa?" Inspekta aliuliza.

"Siasa gani, bwana? Mimi sina hata kura."

Askari mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Inspekta alikuwa amekuja kukamata ghasia kubwa, na sasa mbele yake kulikuwa na mwanamke mjamzito aliyegombana na mumewe. Alianza kuonekana mtu aliyechoshwa. Jerop akaona njia: ndugu hanyongwi, kura haifutwi. Njia nyembamba, lakini njia.

"Bwana Inspekta," alisema Mzee Kipketer kwa upole. Alikuwa ameinama akautoa mshipi chini ya bega la Mwalimu, akaunyoosha kwa vidole viwili. "Wanawake wetu wana kitu hiki. Mwanamke akikishika hawezi kusema uongo, maana uongo wake haumrudii yeye, unamrudia aliye tumboni. Mpe aapie."

"Mzuri," Inspekta alisema. "Apa."

Kipketer alimletea mshipi. Macho yao yalikutana. Mzee alijua kwamba anadanganya, na alijua kwamba Jerop anajua uzito wa kiapo hicho, na alikuwa anangoja kwa furaha ya mtu aliyetega mtego akaona kamba inavutika.

Jerop alipokea. Ngozi ilikuwa na unyevu wa damu. Alimwona mama yake, akamwona Kipkemboi mdogo amelala ndani ya leso mgongoni mwake, akajisikia mnyonge kuliko siku zote za maisha yake. Tangu asubuhi mtoto alikuwa akicheza tumboni bila kupumzika.

"Naapa kwa mshipi wa mama yangu," alisema, "niliyempiga ni mimi."

Mtoto akatulia.

Alitulia ghafla, kabisa. Jerop alibana mkono tumboni akangoja. Hakusikia kitu. Vijana wote wa Kipkemboi walikuwa wamegeuza nyuso, hata Kiplangat, kwa sababu walijua alichofanya na hawakutaka kukiona.

Kipketer ndiye peke yake aliyetabasamu. "Basi, tumesikia ya mke," alisema. "Lakini ona, Bwana Inspekta, mume naye anaamka."

Kweli, Mwalimu Kosgei alikuwa amefungua macho. Askari walimwinua kichwa, wakampa maji. Aliyanywa kidogo, mengine yakamwagika kifuani na damu.

"Huyu ndiye wa kuulizwa," Kipketer aliendelea. "Rongai nzima inajua. Huyu alimtoza faini mama yake mzazi. Hajui kusema uongo."

Jerop alitamani kumziba mumewe mdomo. Alimwita kwa macho, kwa nguvu zake zote, akimwomba jambo moja tu ambalo hakuwahi kumwomba tangu wafunge ndoa.

Inspekta alichuchumaa. "Mwalimu. Hii bibi yako nasema yeye napiga wewe. Kweli?"

Kosgei alimtazama mkewe. Akautazama mshipi mikononi mwake, na damu, na mkono wake mmoja uliokuwa umebana tumbo, akaelewa alichokiapia. Kisha akamtazama Kipkemboi. Alipangusa damu usoni kwanza, na katika kuchelewa kule Jerop alipata tumaini.

"Hapana," alisema Mwalimu Kosgei.